Pini Kuingia Si Kibali: Jinsi ya Kupata Adapta Mbadala Isiyoua Kifaa Chako

Jumamosi moja saa kumi jioni kwaya ilikuwa imeshajipanga, na adapta ya kinanda haionekani. Nani aliichukua hakuna aliyekiri. Nikajifanya mjuzi. Nikaenda ofisini, nikachomoa adapta ya ruta, nikaisoma: volti 9. Nikageuza kinanda, nacho kimeandikwa 9V. Pini ikaingia laini, hata kusukuma sikusukuma. Taa haikuwaka. Nikachomoa, nikachomeka tena, nikaishikilia kidogo, na hapo ndipo waimbaji wa sauti ya kwanza waliokuwa karibu yangu wakaanza kuziba pua.

Wiki iliyofuata fundi alikifungua, akakuta dayodi moja, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, imeungua. Akaibadilisha kwa dakika chache. Kisha akageuza kinanda, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi mchoro mdogo kama wa kitoto uliokuwa juu ya tundu la chaji: duara, kidoto katikati, alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili. "Kaka, hii ilikuwa inakukataza," akasema.

Volti zililingana. Ampea zilitosha. Pini iliingia. Na bado nilikosea. Tangu hapo kila adapta inayopita mikononi mwangu, iwe ya ruta, king'amuzi, redio au taa ya mtoto, naipitisha kwenye hatua hizi.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni adapta kweli

Anza na soketi. Chomeka pasi au chaja ya simu uone kama umeme upo. Usicheke, watu wamekwenda mpaka Kariakoo kununua adapta kumbe swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa.

Umeme ukiwepo, chunguza waya sehemu mbili: pale unapotokea kwenye boksi la adapta, na pale unapoingia kwenye pini. Hizo ndizo shingo zake, na ndipo unapokatikia kwa ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Washa kifaa, kunja waya taratibu sehemu hizo. Taa ikipepesa, umeupata ugonjwa. Hapo huenda huhitaji adapta mpya, fundi atakata kipande kibovu na kuunga upya.

Kuna ugonjwa wa tatu unaodanganya hata mafundi. Ruta inawaka vizuri, lakini inajizima na kujiwasha yenyewe, hasa jioni watu wote wa nyumbani wakiwa kwenye Wi-Fi. Unapima adapta kwa mita, inasoma volti 12 safi. Unahitimisha kwamba ruta imekufa, unanunua nyingine. Kumbe ndani ya adapta kapasita, kile kikopo kidogo kinachotuliza umeme, imevimba. Ikiwa haijabebeshwa kitu inaonyesha volti zake zote. Ikibebeshwa mzigo, volti zinaporomoka. Kwa hiyo kabla hujazika ruta au king'amuzi chenye tabia hiyo, kijaribu kwanza kwa adapta nyingine nzima inayolingana.

Hatua ya 2: Soma kifaa, usisome adapta ya zamani peke yake

Adapta uliyoikuta nyumbani huenda nayo ni mbadala. Aliiweka kaka yako miaka mitatu iliyopita, naye aliambiwa "inaingia". Ukinunua ya kufanana nayo unarithi kosa lake.

Kwa hiyo geuza kifaa. Tafuta kibandiko chini, nyuma, au kando ya tundu lenyewe. Kwenye redio na vinanda maandishi mara nyingi yamechongwa kwenye plastiki nyeusi na hayaonekani bila kumulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Piga picha. Picha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani, pamoja na adapta iliyokufa, maana pini yake bado ina kazi.

Jina la kifaa peke yake halitoshi. Kuna ruta zenye jina na namba ileile ya modeli ambazo toleo moja linakula volti 9 na toleo la baadaye linakula volti 5, na kwa sura ni mapacha. Muuzaji akikuambia "za ruta hizi zote ni moja", mwonyeshe picha.

Hatua ya 3: Volti lazima zilingane

Hapa hakuna mjadala. Kifaa kikitaka volti 12, adapta itoe volti 12. Cha volti 5 ukikipa 12, kuna uwezekano mkubwa utakiua kabla hujaondoa mkono. Cha volti 12 ukikipa 9, huenda kikawaka taa, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu unadhani kimekubali. Kisha kinaanza vituko: kinajizima, hakishiki mtandao, au king'amuzi chenye diski ya kurekodia kinashindwa kuizungusha.

Tofauti ndogo sana zinavumilika. Kompyuta mpakato ya volti 19.5 na adapta ya volti 19 hazigombani. Lakini usianze kujipimia mwenyewe kwamba 9 na 12 "ziko karibu".

Angalia pia unasoma mstari upi. Kila adapta ina mistari miwili: ulioandikwa "INPUT" ni umeme unaoingia kutoka ukutani, na ulioandikwa "OUTPUT" ndio unaotoka kwenda kwenye kifaa. Kwa hatua hii tunahitaji OUTPUT.

Hatua ya 4: Ampea zilingane au zizidi

Watu wengi wanaogopa ampea kubwa bure. Volti zinasukumwa na adapta, lakini ampea zinavutwa na kifaa. Ni kama sufuria la ubwabwa mezani: kila mtu anapakua kinachomtosha, na sufuria likiwa kubwa hakuna anayelazimishwa kula zaidi. Ruta ya ampea 1 ukiiwekea adapta ya ampea 2 yenye volti sahihi, itachukua ampea 1 yake na kutulia. Adapta nayo itafurahi, itakuwa inafanya kazi bila kuhema.

Taabu iko upande wa pili, sufuria dogo. Adapta ya ampea 0.5 kwenye kifaa cha ampea 1.5 itachemka, volti zitashuka, na siku moja utaikuta imebadilika rangi kuwa ya kahawia. Zile za bei ya chee mara nyingi hazina hata kinga ya kujizima.

Wengine huandika kwa mili: 850mA ni ampea 0.85, na 1000mA ni ampea 1. Wengine hawaandiki ampea kabisa, wanaandika wati. Gawanya wati kwa volti: wati 18 kwa volti 12 ni ampea 1.5.

Hatua ya 5: DC au AC?

Adapta nyingi za nyumbani hutoa DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu. Alama yake ni mstari mnyoofu wenye vistari vitatu chini yake. Ila zipo zinazotoa AC, umeme unaogeuka-geuka upande kama wa ukutani, zenye alama ya kijiwimbi, hasa kwenye vyombo vya zamani vya muziki, simu za mezani zisizo na waya na baadhi ya taa za mapambo. Kwa sura huwezi kuzitofautisha. Kifaa cha DC kikilishwa AC kinaweza kuharibika, kwa hiyo tafuta kijiwimbi hicho kabla ya kuendelea. Kwenye mstari wa INPUT kijiwimbi ni cha kawaida, kisikutishe.

Hatua ya 6: Chanya iko wapi?

Tumefika kwenye dhambi yangu.

Pini ya mviringo ina sehemu mbili za chuma: ganda la nje, na tundu la ndani. Moja ni chanya, nyingine ni hasi. Leo ruta nyingi, ving'amuzi na kamera za ulinzi zina chanya ndani, na ndiyo sababu watu wamezoea kudhani kila kitu kiko hivyo. Wapiga muziki wanajua sivyo. Vinanda vingi vya zamani vya Casio vilitumia adapta ya AD-5: volti 9, hasi ndani. Vya Yamaha vinavyotumia PA-130 ni volti 12, chanya ndani. Na vile vikanyagio vya gitaa la umeme, vingi ni volti 9 na hasi ndani. Kanisa lenye Casio ya zamani, Yamaha na gitaa lina aina mbili za adapta zinazofanana kama maji na maji, zimelala kwenye boksi moja nyuma ya spika.

Mchoro unasomwa hivi. Katikati kuna kidoto, nacho ndicho tundu la ndani ya pini. Kimezungukwa na alama kama herufi C, nayo ni ganda la nje. Kutoka kwa kila kimoja unatoka mstari unaoishia kwenye alama. Fuata mstari wa kidoto kwa kidole. Ukikupeleka kwenye kujumlisha, chanya iko ndani. Ukikupeleka kwenye kutoa, hasi iko ndani. Usiangalie alama ipi iko kushoto au kulia, maana hazikai sehemu moja siku zote, fuata mstari.

Mchoro wa kifaa na mchoro wa adapta lazima viseme neno moja. Adapta isiyo na mchoro kabisa, ipime.

Kupima kwa mita

Mita ya kawaida ya mafundi inatosha, na fundi wa redio wa mtaani kwako atakupimia kwa bei ya soda. Weka kwenye volti za DC, alama 20. Ncha nyekundu iingie katikati ya pini, nyeusi iguse ganda la nje. Ikisoma 12.1, chanya iko ndani. Ikisoma 12.1 yenye kistari cha kutoa mbele yake, hasi iko ndani. Angalia mkono usiteleze: ncha nyekundu ikigusa ndani na ganda kwa pamoja umepiga shoti. Tundu likiwa dogo kuliko ncha ya mita, ingiza kwanza kipande cha klipu ya karatasi kilichonyooshwa, halafu gusa hicho.

Ukipima adapta nzito ya zamani, ile yenye transfoma ya chuma ndani, usishangae ya volti 12 ikisoma 16. Nyingi hazidhibitiwi, volti zake zinashuka zikibeba mzigo. Redio ya zamani iliyotengenezwa nayo imeizoea. Ruta ya leo usiipe.

Hatua ya 7: Pini

Sasa ndiyo tunafika kwenye pini, ambayo wengi wanaanzia nayo.

Pini iliyoenea zaidi ina upana wa milimita 5.5 kwa nje. Tatizo liko ndani: zipo zenye tundu la milimita 2.1 na zipo za 2.5, na kwa macho ni zilezile. Ya 2.1 haitaingia kwenye kifaa chenye kijiti cha 2.5, hilo halina madhara. Ya 2.5 itaingia kwenye kifaa cha 2.1, na itakutesa. Itakaa kwa kulegea. Mlango ukibamizwa, king'amuzi kinazima. Mtoto akipita anakimbia, kinazima. Utalaumu umeme, utalaumu antena, utapiga simu huduma kwa wateja usikilize muziki nusu saa, kumbe ni nusu milimita.

Mbinu niliyofundishwa na seremala: biti ya drili ya milimita 2.5. Ikiingia kwenye tundu la pini, pini ni ya 2.5. Ikigoma, ni ndogo zaidi. Fanya hivyo adapta ikiwa haijachomekwa ukutani. Kama huna, ndiyo maana nilisema uende na adapta iliyokufa, muuzaji alinganishe.

Ukipata adapta sahihi kwa kila kitu isipokuwa pini, fundi anaweza kukata pini ya zamani na kuilehemu kwenye adapta mpya. Kazi nzuri ina risasi ya kulehemu, na maungio ya nyaya mbili hayakai mkabala, ili yasije yakagusana gundi ya solotepu ikilainika kwa joto. Waya wenye mstari mweupe kwa kawaida ndio chanya, lakini "kwa kawaida" si kipimo. Pima baada ya kuunga, kabla ya kuchomeka kwenye kifaa.

Hatua ya 8: Upande wa ukutani

Umeme wetu Tanzania ni volti 230, masafa 50Hz. Kenya na Uganda ni 240. Marekani ni 120 na Japani ni 100. Kwa hiyo adapta iliyokuja na mzigo wa shangazi kutoka Texas, au na redio ya mtumba ya Kijapani, isomwe mstari wa INPUT kabla ya chochote. Ikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, ni ya dunia nzima. Itahitaji kibadilisha plagi tu. Ikiandikwa 120V 60Hz peke yake, au 100V, usiichomeke. Kile kiplastiki cha kubadilisha umbo la plagi hakipunguzi volti hata moja. Mara nyingi dawa rahisi si kutafuta transfoma, bali kuiacha hiyo adapta kabatini na kununua hapa nyingine yenye OUTPUT ileile. Kifaa chenyewe hakijali umeme ulianzia ukuta wa nchi gani.

Dukani

Kariakoo au Luthuli Nairobi, mazungumzo ni yaleyale.

"Bosi, naomba adapta ya volti 9, ampea 1, hasi ndani."

"Chukua hii, inaingia kote."

Adapta ya kuingia kote ina kichaguzi cha volti kuanzia 3 hadi 12 na rundo la pini za kubadilisha. Mimi nina nayo moja, inasaidia kwa kujaribu. Kuiacha nyumbani kwa kudumu sishauri, kwa sababu kile kichaguzi ni kama kimetengenezewa vidole vya watoto, na pini zake zinaweza kuvalishwa kinyume. Ukilazimika, weka volti, pima, kisha zungushia solotepu kichaguzi na pini.

Mwombe muuzaji aichomeke na kuipima mbele yako. Duka lenye mita juu ya meza lina heshima yake. Shika adapta: zinazodai ampea 3 huku zikiwa nyepesi kama kibiriti kitupu ninazirudisha. Tikisa, kitu kikicheza ndani, rudisha. Angalia meno ya plagi kama yamekaa imara, kwani plagi ya pini tatu inayobaki na jino moja ndani ya soketi ni hatari kuliko adapta mbovu. Na dai risiti, au walau mhuri nyuma ya karatasi, ili ikigoma nyumbani uwe na pa kurudi.

Vifaa visivyofuata utaratibu huu

Kompyuta mpakato nyingi za Dell, na za HP za pini nene, zina sindano katikati ya pini inayoitambulisha adapta kwa kompyuta. Ukiweka isiyotambulika, mashine inaweza kuwaka lakini ikakataa kuchaji betri, au ikafanya kazi polepole. Hapo nunua iliyoandikiwa kampuni na modeli hiyo.

Za USB-C zinajadiliana zenyewe: zinaanza na volti 5, zikikubaliana zinapanda, kwa kompyuta nyingi mpaka 20. Kwa hizo angalia wati. Chaja ya wati 20 ya simu haitaidhuru kompyuta ya wati 65, itaichaji kwa kusuasua, au isiichaji kabisa.

Waya wa kupandisha volti, ule wa kuendesha ruta kwa pawabenki umeme ukikatika, upo wa 9 na upo wa 12, na tofauti ni kibandiko kidogo kinachobanduka kwa jasho la kiganja. Pawabenki ya volti 5 na ampea 2 inatoa wati 10 na sehemu inapotea njiani. Ruta iliyoandikwa 12V 1.5A inaweza kuamka nayo kisha ikazimika inapoanza kazi.

Na wenye sola: betri ya "volti 12" ikiwa inachajiwa hupanda mpaka kwenye 14 na kitu. Paneli yenyewe juani, bila mzigo, hufika 18 na zaidi. King'amuzi kisiungwe moja kwa moja kwenye paneli. Pitisha kwenye kidhibiti chaji, na kwa ruta weka kipunguza volti kinachotoa 12 kamili.

Saa ya kwanza nyumbani

Chomeka adapta kwenye kifaa kwanza, ukutani baadaye. Kaa karibu. Baada ya nusu saa iguse kwa nyuma ya mkono. Uvuguvugu ni kawaida. Ikikulazimisha kuondoa mkono, izime na uirudishe dukani. Harufu ya plastiki au mlio mwembamba navyo havina subira. Usiifunike kwa kitambaa cha mezani wala kuisukumia nyuma ya godoro, kama tunavyopenda kuficha nyaya.

Yote yakiwa shwari, chukua kipande cha solotepu nyeupe na kalamu ya wino mzito, kibandike kwenye adapta yenyewe, si kwenye waya. Ya kwetu kanisani imeandikwa: KINANDA, 9V, HASI NDANI, USIAZIME.